Santuri ya Nyumba ya Kupanga

4 Februari

Mkwe wangu,

Mkeo amefika salama. Tumbo lilitangulia kushuka kwenye basi, yeye akafuata. Anakula vizuri, analala mchana kama mke wa waziri, na miguu imevimba kidogo tu. Jirani yetu muuguzi amempima, anasema mtoto amekaa sawa. Kwa hilo ondoa shaka.

Kilichonifanya nishike kalamu ni kanda. Mwanangu amekuja na ile kanda yenu ya majaribio, na asubuhi nikiwa kwenye cherehani yeye anaipiga. Ukuta wetu unaujua. Siku ile ulipokuja kuposa ulikohoa sebuleni nikakusikia jikoni, nikajua umeogopa. Basi mpiga ngoma wenu ameniharibia sketi za shule. Mguu wangu ulianza kumfuata yeye, na nilipotazama, mshono umekwenda kombo kama njia ya mlevi. Nimefumua zote.

Wimbo wa kwanza magitaa yanalia kama bati linalokatwa kwa msumeno. Nikasema haya, hii ndiyo roki yao. Mara kodiani, watu wazima wanacheza wawili wawili, taratibu. Mara tarumbeta za gwaride. Mara mtu anabembeleza mtoto. Nikamwuliza mwanangu, "Hii ni bendi moja au mmeazima kanda ya watu?" Akasema ni nyumba ya kupanga, kila wimbo ni chumba, na wimbo wa mwisho wote wanatoka uani.

Mimi si mtu wa kelele, lakini nimeongoza kwaya tangu mkeo hajaota meno. Huo wimbo wa mwisho una shimo katikati. Wapangaji wametoka kweli, kila mmoja anasema lake, halafu wimbo unakatika kwa sababu mama mwenye nyumba hayupo. Anatakiwa mtu wa kuwaunganisha.

Kwaya yangu iko imara. Tunafanya mazoezi kila Alhamisi kama kawaida.

Mama mkwe wako


13 Februari

Mama,

Shikamoo. Asante kwa kumpokea mke wangu, na pole kwa sketi. Mpiga ngoma nimemsomea barua yako mbele ya bendi nzima. Amejificha nyuma ya ngoma zake mpaka sasa.

Umegusa penyewe. Tumelizunguka shimo hilo mwezi mzima na kila mmoja wetu amejifanya halioni.

Nilikulia katika nyumba ya vyumba vingi na ua mmoja. Kwenye chumba cha mbele alikaa fundi redio aliyependa magitaa makali. Aliyefuata ni mstaafu wa bendi ya polisi na tarumbeta yake. Mjane mmoja alikuwa na gramafoni ya kucheza wawili wawili, akicheza peke yake. Mama yangu alikuwa akibembeleza wadogo zangu. Ukisimama bombani kuchota maji ulivisikia vyote kwa pamoja. Mimi nilidhani ule ni wimbo mmoja. Hata leo nadhani hivyo.

Bosi wa kampuni ya santuri haoni hivyo. Anataka roki tupu. "Mtu akinunua sukari," aliniambia, "asikute chumvi ndani. Wewe Waya unapiga gitaa kuliko yeyote mjini. Wazee wa tarumbeta unaniletea wa nini?" Nikamwomba angoje wimbo wa mwisho. Akiusikia asiridhike, nitavunja vyumba vyote nibakize kimoja. Amekubali, ila studio ni yetu mpaka mwisho wa Aprili tu.

Kwa hiyo santuri yote imesimama juu ya wimbo wenye shimo. Mama, nakuomba kwa heshima zote: kwaya yako ije iimbe.

Mkweo,
Waya


21 Februari

Mkwe,

Barua yako nimeipata. Asante kwa salamu.

Kwaya yangu haiimbi na magitaa. Waimbaji wangu ni watu wazima wenye shughuli zao, hawawezi kupanda basi kwenda kuimbia watu wenye nywele kama zile nilizoziona kwenye picha. Tafuta kwaya huko huko mjini, ziko tele.

Mkeo mzima.

Mama mkwe wako


27 Februari

Mke wangu,

Mama amenijibu. Hata risiti ya duka ina maneno mengi zaidi. Nilidhani miaka hii yote amekwisha nizoea, kumbe mbele yake bado mimi ni yule kijana aliyekohoa sebuleni.

Nimejaribu kwaya mbili za hapa. Ya kwanza inaimba vizuri mno, kama vyombo vya kabatini ambavyo havijawahi kuliwa chakula. Ya pili walikubali kwa sharti kwamba tuondoe gitaa. Mzee wa tarumbeta alicheka mpaka akavua kofia.

Bosi kila akipita koridoni ananiuliza, "Vipi, wapangaji wako wamehama?" Wenzangu nawaona wanavyotazamana. Wana familia. Santuri ya roki tupu tungekuwa tumeimaliza zamani.

Jumatatu ya wiki ya pili ijayo nitamwambia bosi tuuache ule wimbo. Ukitoka huo, nyumba yote imebomoka. Usimwambie mama. Sitaki aone amenivunja moyo.

Unajisikiaje? Mtoto anacheza?

Mumeo


5 Machi

Mume wangu,

Usimwambie bosi kitu chochote. Kaa chini usome.

Mama hana kwaya.

Muuguzi amenieleza: ule ukumbi waliokuwa wakifanyia mazoezi umegeuzwa ghala la saruji tangu mwaka jana. Waimbaji wakatawanyika. Wengine wamehama, wengine wako kwaya nyingine, wengine wameacha tu. Hakuniandikia. Hata nilipofika hakusema. Kila Alhamisi anavaa gauni lake la bluu, anachukua mfuko wake wa karatasi za nyimbo, ananiambia, "Nakwenda mazoezini, usimfungulie mtu usiyemjua."

Alhamisi iliyopita alisahau miwani. Nikamfuata nayo na tumbo langu hili, napumzika kila kona. Nikamkuta kwenye kibanda cha fundi viatu, yule aliyekuwa akiimba besi. Fundi anagonga soli, mama amekaa kwenye kigoda, mfuko uko mapajani. Hawaimbi. Wanaongea habari za watu. Nikageuka kimya kimya. Aliporudi nyumbani nikamwuliza, "Mazoezi vipi leo?" Akavua viatu, akasema, "Sauti ya pili bado wazembe."

Niliingia chumbani nikalia.

Kwa hiyo hakukukataa wewe. Angekuambia nini? Na kuna jambo jingine. Asubuhi kanda ikifika kwenye lile shimo, cherehani inanyamaza. Halafu namsikia ng'ambo ya ukuta anaimba. Anaimba sauti ya kwanza, kesho yake ya pili, kesho kutwa ya tatu. Shimo lako amekwisha kulijaza, mume wangu, amekosa tu watu.

Nakuomba usimwonyeshe kwamba unajua. Akiaibika hatatutazama usoni tena. Tumia akili.

Mtoto hachezi, anacheza mpira.

Mkeo


11 Machi

Mama,

Shikamoo. Najua ulikwisha sema, na mimi sikulelewa kugonga mara mbili mlango uliofungwa. Lakini nimefanya jambo bila kukuuliza, na ni afadhali ulisikie kwangu.

Nimemwambia bosi kwamba kwaya yako inakuja. Basi litafika mtaani kwenu Ijumaa tarehe kumi na saba Aprili, asubuhi. Tutarekodi Jumamosi.

Waimbaji wako wa siku zote usiwasumbue, wana shughuli zao, nimeelewa. Mimi sikuomba wao. Niliomba kwaya yako, na kwaya ni yule anayesimama mbele yake. Chukua yeyote unayemwona anafaa, hata kama hajawahi kuimba popote ila bafuni. Ua wa nyumba ya kupanga hauchagui watu. Wakifanana sana haitakuwa nyumba ile.

Ukikataa, basi litarudi tupu, na mimi nitakuwa nimejipalia makaa kwa mkono wangu mwenyewe.

Mkweo,
Waya


22 Machi

Mkwe,

Nani alikupa ruhusa? Unamwahidi mtu kitu kilichoko mkononi mwa mwingine? Baba mkwe wako, Mungu amrehemu, hakuthubutu hata siku moja kunipangia safari.

Nilikasirika siku mbili. Siku ya tatu nilikwenda kwa fundi viatu, maana soli yangu ilikuwa imeachia, si kwa jambo lingine. Nikamtajia. Akaweka nyundo chini. Akasema, "Mama, tunaondoka saa ngapi?"

Sasa, kwa kuwa waimbaji wangu wengi wana udhuru, nimechukua wa akiba. Kuna fundi viatu, besi. Kuna muuza mkaa na mkewe, ambao nyumbani hawasemeshani lakini wakiimba utadhani wameoana jana. Kuna jirani yetu muuguzi. Kuna mama mkata tiketi wa kituo cha basi, ambaye akiita abiria hata waliokwisha fika wanarudi. Wapo vijana wa timu ya mpira, wale wanaoanzisha nyimbo uwanjani. Wameniletea na wenzao bila kuniuliza. Seremala ametupa karakana yake kwa sharti kwamba naye aimbe. Sauti yake ni kama randa. Nimemweka nyuma.

Siku za kwanza niliona aibu. Nilitaka kuwanyoosha waimbe kama kwaya. Mkata tiketi nikamwambia apunguze, akipunguza anapotea kabisa. Vijana nikawakataza kupiga makofi, wakapoteza mapigo. Muuza mkaa akamkanyaga mkewe, mkewe akaanza kusema ya tangu walipofunga ndoa. Jana nikachoka. Nikawaambia, "Basi, kila mtu aimbe kama anavyoimba kwao, ila tukutane kwenye neno la mwisho."

Mkwe, tulikutana.

Seremala alikaa juu ya mbao zake. Akasema, "Mama, hao ni sisi?"

Tuma kanda nyingine, hii imechoka. Na mpiga ngoma wako mwambie asikimbie mahali petu pa kuingilia. Hakuna anayemfukuza.

Mama mkwe wako


SIMU YA MAANDISHI
18 Aprili
KWA WAYA STUDIO
MTOTO WA KIKE STOP MAMA NA MTOTO WAZIMA STOP ENDELEENI KUIMBA STOP MUUGUZI


20 Aprili

Mama wa binti yangu,

Sijui nianzie wapi.

Waliposhuka kwenye basi bosi alikuwa dirishani. Akaniita pembeni. "Hii ndiyo kwaya? Yule ana nyundo mfukoni."

"Ni fundi viatu, bosi. Besi."

"Na wale wenye fulana za mpira?"

"Sauti ya kwanza."

Akashika kichwa kwa mikono miwili.

Mama aliingia studio akasalimia kila mtu kwa mkono, kuanzia mfagiaji. Alipofika kwa mpiga ngoma akamtazama juu hadi chini. "Ndiye wewe?" Jitu zima lile likaitikia, "Ndiye mimi, mama. Shikamoo." Akamwambia, "Una mapigo mazuri. Huna subira."

Asubuhi yote ilikwenda vibaya. Waimbaji waliviogopa vipaza sauti. Mkata tiketi wenu, mwenye sauti ya kuita watu waliokwisha fika, akawa ananong'ona. Tulirudia, tukarudia. Bosi akaingia chumba cha mitambo, akatazama saa, akatoka. Mzee wa tarumbeta akaniambia taratibu, "Kijana, tulijitahidi."

Hapo mama akapiga makofi. Akawatoa wote kwenye mistari, akawapanga duara, wakitazamana. Akaniita mimi niingie katikati na gitaa langu, na tarumbeta, na kodiani. Fundi mitambo akatoka mbio. "Mama, hapana! Mkikaa hivyo sauti zitachanganyikana!"

Mama akamjibu, "Mwanangu, tumepanda basi siku nzima kuja kuchanganyikana."

Ndipo tarishi akaingia na simu ya muuguzi. Nikasoma. Nikampa mama. Akatafuta miwani, akasoma, akakaa. Akasoma tena. "Huyu mtoto amenidanganya," akasema. "Jana asubuhi aliniambia mgongo unamuuma kwa sababu ya godoro." Mke wa muuza mkaa akaichukua ile karatasi akaisoma kwa sauti, na hapo vigelegele vilivyopigwa, mke wangu, sindano za mitambo zililala upande mmoja zikakataa kurudi. Muuza mkaa alimkumbatia mkewe. Fundi viatu akanibeba juu juu na gitaa langu.

Mama akasimama. Akafuta macho kwa kitambaa, akakikunja vizuri, akakitia kwenye mkoba. "Haya, simameni sawa," akasema. "Siendi kumwona mjukuu wangu mikono mitupu."

Tukapiga.

Nilianza peke yangu, kali, kama fundi redio wa kwetu. Tarumbeta ikaingia, kodiani ikaingia, mpiga ngoma akaja nyuma bila papara. Tulipofika kwenye shimo tukanyamaza wote, na mama akainua mikono. Nimesikia kwaya nyingi. Pale nilisikia watu. Nilimsikia mkata tiketi, na makofi ya uwanjani, na besi ya fundi viatu ikipita chini ya miguu yetu, hata seremala. Kila mtu na sauti yake. Walipokutana kwenye neno la mwisho, gitaa langu lilijua lenyewe la kufanya.

Taa nyekundu ya kurekodi ikiwa bado inawaka, bosi alifungua mlango akaingia. Jambo hilo hata mfagiaji hathubutu. Alisimama pale pale mpaka mwisho, mkono kwenye kitasa.

Nikamwambia, "Bosi, umesikia. Nivunje vyumba vingapi?"

Akatutazama mmoja mmoja. Akasema, "Asifukuzwe mpangaji hata mmoja."

Mbusu binti yetu. Nakuja Jumamosi. Hata wakifunga barabara nakuja kwa miguu.

Mumeo


24 Aprili

Mume wangu,

Barua hii utaikuta mezani ukirudi mjini, maana ukiwa hapa nyumbani hapatakuwa na nafasi ya kusema. Mama hampi mtu mtoto.

Ni kweli nilimdanganya. Uchungu ulianza mama akifunga kitambaa kichwani mbele ya kioo. Basi linapiga honi nje, muuza mkaa anamwita, na mama anajitazama, na uso wake, mume wangu! Sikuwa nimeuona uso huo tangu nikiwa msichana mdogo, alipokuwa akienda kuimbisha na mimi nimeshika pindo la gauni lake. Ningesema neno moja tu asingepanda. Nikang'ata leso, nikasema godoro.

Muuguzi peke yake ndiye aliyenitazama akajua. Alikuwa amekwisha panda, begi lake juu. Akashuka. Akamwambia mama amesahau zamu hospitali. Basi lilipokata kona akanishika kiuno akasema, "Haya, twende tukaimbe yetu."

Yote nimemweleza mama. Na lile la kwaya nimemweleza, kwamba ulijua. Akaenda kwenye cherehani akakaa bila kushona. Jiandae.

Mkeo


9 Mei

Mkwe wangu,

Mlinizunguka. Mmoja ananiandikia kwa adabu kuhusu waimbaji wenye shughuli, mwingine ananiuliza habari za mazoezi akijua nimekaa kwenye kigoda cha fundi viatu. Mmenifanya mtoto.

Nimekasirika nikatafuta cha kukasirikia, sikukiona. Mwaka mzima nilivaa gauni lile nikatoka. Nilisema nikikaa ndani Alhamisi moja tu, nitakuwa nimekubali kwamba imekwisha. Mwingine angenihurumia usoni, nami huruma ya usoni siiwezi. Wewe uliniletea basi.

Mtu akijua jambo la mkwewe akalinyamazia, huyo nimemzaa mwenyewe. Siku ile sebuleni ulipokohoa nilimwambia marehemu, "Huyu kijana mwoga." Nilikosea.

Karakana bado tunakwenda. Wamekuwa wengi, seremala amelazimika kutoa kabati mbili nje. Sauti ya pili kweli ni wazembe, safari hii sisemi uongo.

Mama mkwe wako


22 Agosti

Mama, na mke wangu, na binti yangu asiyejua kusoma,

Shikamoo mama. Santuri imeingia madukani, nimewatumia tatu kwenye kifurushi. Jalada ni picha ya ua wenye bomba la maji, na nyuma majina ya kila mtu yapo, hata la seremala.

Bosi aliogopa jambo moja: redio wataiweka kwenye kipindi gani? Wiki ya kwanza mtangazaji wa vijana akapiga wimbo wa magitaa. Alasiri, kipindi cha wazee wakapiga ule wa kodiani, na mzee mmoja akaandika kwamba ameinuka akacheza na mkewe jikoni, jambo ambalo hawajalifanya tangu arusi. Askari wa gwaride la asubuhi wakaomba wa tarumbeta. Hospitali moja wanapiga ule wa kubembeleza kwenye wodi ya wazazi. Na ule wa mwisho wanaupiga wote. Sasa vipindi vinaigombania, kila mtangazaji anasema ni santuri yake.

Nilipita duka la santuri nikavuta kofia usoni. Kwenye foleni kulikuwa na vijana wenye nywele kama zangu, na mabibi wenye vikapu. Bibi mmoja akamwambia kijana, "Wewe umefuata wimbo upi?" Kijana akamwambia. Bibi akasema, "Huo ruka, sikiliza wa pili." Wakabishana mpaka wakafika mbele.

Bosi amechapisha mara ya pili. Jana aliniita ofisini, akavuta kiti, akaniuliza, "Santuri inayofuata, nyumba itakuwa na vyumba vingapi?"

Mwezi wa kumi tunapiga uwanja wa mpira. Uwanja mzima, mama. Basi litakuja, na safari hii naomba ruhusa kwanza.

Mkweo,
Waya


12 Oktoba

Mwanangu,

Ile karatasi uliyoandika maelekezo ya maziwa ya mtoto, nimesahau kumwachia jirani wa kukusaidia. Karatasi ninayo mimi huku. Mtoto apewe kwa kijiko, unajua mwenyewe.

Ngoja nikusimulie jana, kabla mumeo hajakusimulia kwa kutia chumvi.

Uwanja ulijaa mpaka watu wakakaa juu ya ukuta. Tulisubiri chini ya jukwaa. Muuguzi alikuwa na sisi safari hii, nilimshika mkono mwenyewe kumpandisha basi. Vijana wa mpira walikuwa kwao, ndio waliotutuliza. Mimi nilijitanda khanga, nikasema ni baridi, na jua lilikuwa linachoma.

Bendi ilipiga chumba kimoja kimoja. Kwenye magitaa vijana waliruka, vumbi likapanda. Kwenye kodiani nikaona watu wazima wanashikana pale pale kwenye majani, na vijana wakawapisha, mwanangu, wakawafanyia duara. Mzee wa tarumbeta alisimama mbele, mgongo umenyooka, wastaafu wenzake waliokuwa jukwaa la wageni wakampigia saluti.

Kisha tukapanda sisi.

Lilipofika shimo, bendi ikanyamaza, nikainua mikono kwa watu wangu. Kabla hawajafungua mdomo sauti ikaja kutoka nyuma yangu. Nikadhani nimechanganyikiwa. Nikatazama nyuso za kwaya, mkata tiketi analia huku anacheka, ananionyesha kwa kidevu: geuka.

Nikageuka. Uwanja wote ulikuwa unaimba. Walikuwa wanayajua maneno, sauti ya kwanza huku, ya pili kule, na hakuna aliyewagawia. Mimi nimezoea watu wa kutosha ukumbi mmoja. Nikasema, potelea mbali. Nikashusha mkono wa kushoto, upande wa kushoto wa uwanja ukashuka. Nikainua wa kulia, wakapanda. Walinitii, mwanangu! Wewe hukuwahi kunitii hivyo hata ulipokuwa unanyonya.

Mumeo akanitazama kuuliza kama amalizie. Nikamtikisia kichwa: bado. Nikawazungusha tena, na tena, mpaka walio juu ya ukuta wakawa wanapiga ukuta kwa viganja. Nilipofunga ngumi wakanyamaza wote kwa pamoja, watu wote wale, nikasikia bendera inapepea juu ya mlingoti. Halafu ndipo wakapiga kelele. Mpiga ngoma alitoka nyuma ya ngoma zake akaja akanibeba. Nilimpiga kwa mkoba, hakunishusha.

Bosi alikuja baadaye na kofia mkononi. Anasema kuna miji mingine imeomba, huku na huku, na hawataki bendi peke yake, wanataka na kwaya. Nikamwambia lazima niwaulize watu wangu. Nikawauliza. Fundi viatu alikuwa amekwisha funga kibanda kabla hatujaondoka nyumbani, hakuniambia tu.

Kwa hiyo sirudi Jumapili. Mumeo atapita kuwachukua wewe na mtoto tukifika mji wa karibu na huko. Kabla ya hapo, mtoto akimlilia bibi yake, mwambie bibi yuko kazini.

Mama yako